Klipu inasema ubongo wa mwenye skizofrenia "umejaa vipokezi vya dopamini". Tuongee kilichopimwa hasa

Darubini wa Chumbageni — #1

Wakuu, salama?

Juzi kwenye grupu la ukoo mjomba karusha klipu ya dakika mbili. Jamaa kavaa koti jeupe, anasema wanasayansi walipima ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, wakakuta vipokezi vya dopamini vimezidi, "kwa hiyo wamezaliwa hivyo, dawa hazina kazi." Shangazi akaandika "Mungu atulinde", mwingine akaweka vile vikono vya kuomba, mada ikahamia kwenye mchango wa harusi.

Mdogo wangu yumo humo grupuni. Jioni alinifuata barazani na simu mkononi: "Kaka, hii kweli?"

Mimi ni mtu wa maabara, damu na mikojo, siyo daktari wa akili. Ila mdogo wangu anaumwa tangu 2011, na miaka yote hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata. Nilimwambia kipimo ni cha kweli, maana waliyoipachika juu yake ndiyo ya uongo. Alitaka kujua kwa nini, na maelezo yalikuwa marefu, ndiyo nikaona niyalete hapa.

Tuanze na neno utakalolikuta kwenye tafiti hizi: usemi wa jeni. Fikiria mgahawa wa stendi. Ukutani kuna ubao wa vyakula: wali, ugali, samaki, maini. Huo ubao ndio jeni. Karibu kila seli mwilini mwako ina ubao ule ule, ya ini na ya ubongo. Lakini ubao haukuambii leo kimeuzwa nini. Ukitaka kujua, kaangalie vikaratasi ambavyo mhudumu anapeleka jikoni. Kikaratasi ndiyo RNA mjumbe. Sahani inayotoka ni protini. Kipokezi ni protini mojawapo, hukaa kwenye utando wa nje wa seli kama kitasa kikingoja ufunguo wake, na dopamini, kemikali ya kupelekeana habari ubongoni, ni ufunguo mmojawapo. Wakisema usemi wa jeni ya DRD2 umepanda, maana yake vikaratasi vya kitasa kile kiitwacho D2 vimekuwa vingi. Ubao haujaguswa.

Ubongo una tabu yake. Huwezi kuingia jikoni mgahawa ukiwa wazi, labda mtu awe anafanyiwa upasuaji kwa sababu nyingine. Wanangoja mpaka ufungwe moja kwa moja, ndipo waingie kuokota vikaratasi sakafuni. Kama zimepita saa nyingi, kama marehemu alikuwa na homa kali siku za mwisho, vikaratasi vimelowa. RNA inaoza haraka kuliko mnavyodhani. Kwenye benchi langu nimeshakataa chupa ya damu iliyokaa dirishani mchana kutwa: chembe zinapasuka, potasiamu inamwagika, mashine inasoma juu sana. Namba ni ya kweli kabisa. Mgonjwa potasiamu yake haina neno.

Sasa historia, kwa ufupi. 1952 pale Paris, hospitali ya Sainte-Anne, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia klopromazini, ile Largactil ambayo wengi mnaijua. Watu waliokuwa wakisikia sauti miaka mingi walitulia, na hakuna aliyejua dawa inashika wapi. Mwaka 1963 Msweden Arvid Carlsson akaelekeza kidole kwenye dopamini. Katikati ya miaka ya 1970 maabara mbili, ya Philip Seeman kule Toronto na ya Solomon Snyder kule Baltimore, zikaonyesha kitu kizuri sana: panga dawa zote za ugonjwa huu kwa jinsi kila moja inavyong'ang'ania kitasa cha D2 na kukiziba, kisha zipange kwa dozi wanayopewa wagonjwa. Mpangilio ni ule ule. Inayong'ang'ania sana inahitajika kidogo.

Hapo kila mtu akafikiria kama jamaa wa klipu: basi wagonjwa wana vitasa vingi. 1978 kikosi cha Timothy Crow kule London kikapima ubongo wa marehemu, na kweli vilikuwa vingi. Shangwe.

Ila mwaka mmoja kabla, maabara ya Snyder ilikuwa imewapa panya wazima haloperido, mojawapo ya dawa hizo, kwa wiki kadhaa. Panya wasio na ugonjwa wowote. Vitasa vyao vya dopamini viliongezeka. Seli ukiziba masikio yake kwa muda mrefu, inaotesha masikio mengine. Na wale marehemu wa London karibu wote walikuwa wamemeza dawa miaka na miaka.

Kwa hiyo walichohesabu ni ugonjwa au ni dawa? Mpaka miaka ya 1980 mtu akaweza kupima kwa walio hai, kwa skani ya PET, picha inayoonyesha vitasa ndani ya ubongo ulio hai. Dean Wong na wenzake Baltimore, 1986, wakasema hata wasiowahi kumeza dawa vitasa vimezidi. Lars Farde na wenzake Stockholm, 1990, nao wakapima wasiowahi kumeza dawa, hawakuona tofauti. Waligombana muda mrefu. Mwaka 2012 Oliver Howes wa London na wenzake walikusanya skani za watafiti wengi pamoja: kwa ambao hawajaonja dawa, vitasa havionekani kuzidi. Kilichozidi waziwazi ni upande wa pili, seli zinazotengeneza na kumwaga dopamini.

Kwa maneno mengine tatizo kubwa liko kwa anayemwaga funguo.

Na hili la vitasa kuota lina maana nyumbani kwetu. 2019 wazee waliamua mdogo wangu aache sindano ya mwezi ghafla ili apelekwe kuaguliwa. Hawakuniambia. Sina wa kumlaumu, walimpenda. Miezi michache mbele alikuwa anatembea barabara ya Pangani usiku bila viatu. Nilipokuja kusoma habari za panya nikawaza: vitasa vimeongezeka, kizibo kimeondolewa kwa mkupuo, na dopamini bado inamwagika. Kwamba ndivyo ilivyokuwa kichwani mwake siwezi kuapa. Lakini tangu hapo, mtu akiniambia "ameshapona, aache", namwuliza kwanza amemwona daktari?

Maswali karibuni.

Mzee wa Mkwaja — #2

Kijana umeandika vizuri lakini hayo ni ya wazungu na panya wao. Huku kwetu tunajua kijicho, na tunajua mtu aliyetupiwa kitu. Mtoto wa jirani yangu alikuwa wa kwanza darasani, miaka kumi na tisa, kazungumza na ukuta. Hiyo jeni ilikuwa wapi alipokuwa wa kwanza?

Nusu Shepu — #3

Nimekaa pale na kahawa yangu 😂 Mzee kauliza swali gumu lakini.

Darubini wa Chumbageni — #4

Shikamoo mzee. Swali lako ni zuri kuliko klipu yote.

Ubao upo tangu tumboni, ila vikaratasi hubadilika kwa umri. Kuna jeni zinasomwa sana mtoto akiwa bado tumboni kisha zinanyamaza, na nyingine hupamba moto ujanani. Miaka ya kubalehe hadi ishirini na kitu ubongo unapogoa matawi, unakata viungo vya seli na seli visivyotumika, kama mkulima wa kahawa. Mwaka 2016 kikosi cha Steven McCarroll, Harvard, kilionyesha kwamba jeni iitwayo C4, iliyoko kromosomu ya 6 (kromosomu ni vifungu ambamo jeni zimepangwa) kwenye eneo la kinga ya mwili, huwa na nakala tofauti kwa watu tofauti. Zile zinazofanya C4A isomwe zaidi ubongoni zinaongeza hatari ya skizofrenia. Kwa panya, C4 inashiriki kupogoa. Wazo lao ni kwamba kwa baadhi ya watu panga linakata kupita kiasi. Na ugonjwa huanza hasa umri gani? Huo huo wa mtoto wa jirani yako, mzee.

Dirisha Namba Tatu — #5

Mfamasia hapa. Nithibitishe hilo la dozi, maana naliona kila siku mezani kwangu. Haloperido mtu anaandikiwa miligramu tano, kumi. Klopromazini anaandikiwa mia, mia mbili, mia tatu. Ndugu wanakuja wananilalamikia, "mbona huyu kapewa kidogo, mwenzake kapewa nyingi, kuna upendeleo?" Hakuna upendeleo. Ni ule mng'ang'anio.

Na niongeze namba mbili. Skani zimeonyesha kwamba nafuu huja dawa ikiziba kama asilimia 65 ya vitasa vya D2 kwenye striata, sehemu ya ndani ya ubongo yenye dopamini nyingi. Ikivuka kama 78 hadi 80, ndipo mgonjwa anakakamaa, mate yanatiririka, hatua zinakuwa za kuburuta. Mlango ni mwembamba hivyo. Watu wanaona kakakamaa wanasema "dawa zimemwua", wanaacha zote. Rudini kwa daktari apunguze dozi au abadilishe, au aongeze Artane, dawa ya kupunguza huo mkakamao, ikibidi. Msiitupe chooni.

Bint Kizingo — #6

Hamjambo wote. Mimi niko Mombasa. Nna swali kwa kaka Darubini: wasema anayemwaga ndiye mwenye tatizo. Sasa kwani hakuna cha kumzuia? Mwili wote una breki, hata sukari ina insulini.

Darubini wa Chumbageni — #7

Dada, umegonga ndipo. Kuna breki, na breki yenyewe ni D2!

Jeni ya DRD2, iliyoko kromosomu ya 11, inasomwa kwa namna mbili. Kikaratasi kimoja kirefu, kingine kifupi kilichokatwa kipande katikati. Kirefu hutoa kitasa kinachokaa zaidi kwenye seli inayopokea. Kifupi hukaa zaidi kwenye seli inayomwaga yenyewe, ikijisikiliza: "zimeshakuwa nyingi, punguza." Kama mpishi anayeonja mchuzi wake mwenyewe kabla hajaongeza chumvi.

Mwaka 2022 kikosi cha Taasisi ya Lieber, Baltimore, kilitoa kazi iliyoongozwa na Kynon Benjamin. Walichukua kodeti, kile kisehemu cha ndani ambako dopamini humiminika kwa wingi, kutoka kwa marehemu 443. Kati yao 154 walikuwa na skizofrenia, 44 baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), waliobaki hawakuwa na ugonjwa wa akili. Walipolinganisha tofauti za DNA, yaani herufi za ule ubao, na wingi wa vikaratasi, ishara ikaelekea kwenye kile kifupi: kikisomwa kidogo, hatari inapanda. Breki hafifu. Hiyo inakaa vizuri na skani za Howes, maana breki ikilegea, anayemwaga anaendelea kumwaga.

Na hao hao wakasema wazi kwamba dawa za ugonjwa zilikuwa na mkono mkubwa sana kwenye usemi wa jeni za kodeti. Yaani 2022, na vifaa vyote vile, bado ni kesi ya panya wa 1977.

Ujanja wao ni huu. Dawa inabadilisha vikaratasi, haiwezi kubadilisha ubao. Ukianzia kwenye tofauti ya herufi ambayo mtu kazaliwa nayo, kisha ukatazama inasukuma kikaratasi kipi, haloperido haiwezi kukudanganya kirahisi.

Jingine ambalo wengi hawalijui: kati ya hao 443, 210 walikuwa na asili ya Afrika. Kwenye tafiti hizi hilo ni jambo la kushangaza, maana kwa kawaida sisi hatumo.

Mswahili wa Mnarani — #8

Kuhusu kutokuwemo: huku kwetu Kilifi kulikuwa na utafiti mkubwa uitwao NeuroGAP-Psychosis, kupitia kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome. Na Eldoret pia, kupitia Chuo Kikuu cha Moi, halafu Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Hawakutaka damu, walitaka mate. Watema kwenye kichupa hadi alama, na jamani, kutema mate kiasi kile mdomo ukiwa umekauka kwa madawa si mchezo. Kilichonipendeza ni kuwa kabla mtu hajatia sahihi aliulizwa maswali kuona kama ameelewa anachokubali. Asipoelewa, waelezewa tena.

Lakini hayo ni mate, yaani ule ubao. Vikaratasi vya ubongo wa Mgiriama hakuna aliyevipima, au vipi?

Darubini wa Chumbageni — #9

Umenena. Mate yanatupa ubao tu. Benki nyingi za ubongo, zinakohifadhiwa bongo za marehemu kwa utafiti, ziko Marekani, Ulaya, Australia. Huku kwetu kumwambia mtu aliyefiwa asubuhi akupe ubongo wa mwanawe kabla ya kuzika alasiri... mimi mwenyewe nisingekuwa na mdomo wa kuuliza.

Ila hata ubao peke yake umeleta kitu. Mwaka 2020 utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 na wasio wagonjwa 917, uliona mabadiliko adimu yanayoharibu jeni yakiwa mengi zaidi kwa wagonjwa, hasa kwenye jeni za maungio ya seli na seli.

Naposa Mwezi Ujao — #10

Samahanini kuingilia. Binti ninayetaka kumwoa kaka yake ana ugonjwa huu. Mama yangu kagoma. Kuna kipimo cha jeni tukapime kabla?

Dirisha Namba Tatu — #11

Hongera kwanza.

Kipimo cha kukuambia ndiyo au hapana hakipo. Utafiti wa 2022 uliolinganisha wagonjwa 76,755 na wasio wagonjwa 243,649 ulikuta maeneo 287 ya DNA yanayohusika, kila moja linaongeza hatari kidogo mno. Wewe na mimi tunayo mengi ya hayo sasa hivi. Kuna mabadiliko machache makubwa, kama kukatika kipande cha kromosomu ya 22 kiitwacho 22q11, ambapo karibu robo ya wenye nacho hupata saikosisi (kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti), lakini ni adimu, na mara nyingi mtoto huwa na dalili nyingine, mathalani za moyo.

Hesabu za zamani za Irving Gottesman ni hizi: mtu yeyote, kama 1 kwa 100. Ndugu wa mgonjwa, kama 9. Mpwa, kama 4. Watoto wenu watakuwa wapwa. Mwambie mama, kwa heshima, kwamba 96 kati ya 100 hawatakuwa nao. Na pacha wa kufanana kabisa, ubao ule ule herufi kwa herufi, mmoja akiugua mwenzake haugui kama nusu ya nyakati. Jeni ingekuwa hukumu, hilo lisingewezekana.

Nusu Shepu — #12

Mwaliko wa harusi tupia humu humu.

Bint Kizingo — #13

Na mbona kila mgonjwa nimjuaye avuta sigara kama jiko la makaa?

Darubini wa Chumbageni — #14

Dada, mdogo wangu pakiti moja haimalizi siku. Kuna kitasa cha nikotini kiitwacho alfa-7, jeni yake CHRNA7 iko kromosomu ya 15. Robert Freedman na wenzake wa Colorado mwaka 1995 walikikuta kimepungua kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) za marehemu waliokuwa na skizofrenia. Kazi yake mojawapo ni kuchuja sauti: kelele ya pili ile ile isikushtue kama ya kwanza. Mdogo wangu kipindi kibaya hawezi kukaa chumba chenye saa ya ukutani. Anaitoa betri. Huenda wanavuta kujitibu, lakini sigara nayo inabadilisha idadi ya vitasa vya nikotini, kwa hiyo tumerudi pale pale: unapima ugonjwa au unapima pakiti?

Dirisha Namba Tatu — #15

Kwa wenye wagonjwa wanaotumia klozapini au olanzapini: moshi wa sigara unaifanya ini iunguze dawa hizo haraka. Mgonjwa akilazwa mahali hakuna sigara, au akiacha ghafla, dawa inapanda kwenye damu kwa dozi ile ile. Mwambieni daktari mapema.

Na kwa kuwa mmetaja vitasa vingine, nimalizie na kinachonipa hamu. Brian Dean na Elizabeth Scarr kule Melbourne walikuta kama robo ya marehemu waliokuwa na skizofrenia kitasa cha asetilikolini (kemikali nyingine ya ubongo), kiitwacho M1, kimepungua kwa takriban asilimia 75 kwenye gamba la mbele la ubongo. Robo tu. Wengine kawaida. Ina maana tunachokiita ugonjwa mmoja huenda ni kadhaa vilivyovaa shati moja. Septemba 2024 Marekani ikaidhinisha Cobenfy, zanomelini pamoja na trospiamu, inayoamsha M1 na ndugu yake M4 wala haizibi D2 kabisa. Zilizotangulia tangu Largactil zote zilipitia dopamini. Dirishani kwangu sijaiona, na bei yake msiulize.

Mzee wa Mkwaja — #16

Nimesoma yote. Ile ya kupogoa kahawa nimeielewa. Yule mtoto wa jirani bado yupo, ana miaka thelathini sasa, hajawahi kupelekwa hospitali. Dawa ya kuanzia inapatikana wilayani au mpaka mkoani?

Dirisha Namba Tatu — #17

Mzee, haloperido na klopromazini hospitali nyingi za wilaya zinakuwepo. Aende na mtu anayemwamini, aandike mlivyomwona: analala saa ngapi, anakula nini, anaongea na nani. Nimekutumia ujumbe wa faragha.

Darubini wa Chumbageni — #18

Mzee, nashukuru sana.

Mrejesho kwa walioulizia: mdogo wangu nilimpa simu akausoma uzi wote, mara mbili, taratibu. Sikumwambia afanye lolote. Saa tatu usiku nikasikia grupu la ukoo linalia. Kaibana ile klipu ya mjomba, kajibu mstari mmoja:

"Mjomba, na wale panya nao walizaliwa hivyo?"

Tiki mbili za bluu tangu jana. Mjomba hajajibu.